Kompyuta Iliyopima Mara Moja

Mwenyekiti Sharifu alinipa mpaka Ijumaa. Alisema akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya ushirika wetu, hakunikaribisha ndani, anazungusha funguo za pikipiki kidoleni, akiniita mgosi, yaani bwana, kwa Kishambaa chetu.

"Mgosi Twaha, Jumamosi gari la vyuma chakavu linapita likitoka Shume. Ile kompyuta ya zamani inaondoka nalo, pamoja na mabati na bomba mbovu za kupulizia dawa. Kama una lako humo ndani, lifanye kabla."

Kama una lako. Alijua vizuri nilichokuwa nacho humo. Ilikuwa sauti ya mke wangu, marehemu Sabra.

Mwaka 2011 walikuja watu wa kipindi cha redio cha wakulima. Wakawarekodi wanawake watatu wa kijiji kuhusu maharage, mboji na kupanda kwa kukinga mteremko. Sabra alikuwa wa tatu, akaongea dakika ishirini na mbili. Nakala wakaiacha kwenye kompyuta ya ushirika, wakaondoka, na kipindi chenyewe kikafa. Mimi siku hiyo sikwenda kumsikiliza. Nilikuwa na hasira zangu, nitazieleza. Sabra alifariki mwaka 2019, kifua. Picha zake ninazo mbili, na zote amefunga mdomo kama aliyemkasirikia mpiga picha. Mtu aliyekuwa akiongea kutoka alfajiri mpaka taa inazimwa, nimebaki naye kafunga mdomo.

Aliyeigundua ile sauti ni Rukia, karani wa ofisi, miaka mitatu baada ya mazishi. Alinitumia mtu: njoo baba, kuna kitu. Nikaketi kwenye kiti cha wageni, akabonyeza, na Sabra akasema, "Bismillahi, sasa mnataka nianzie wapi?" Nilitoka nje nikashika ukuta.

Kuanzia hapo nilikwenda kila Alhamisi, siku ya gulio, nikishauza mboga zangu. Rukia anawasha kompyuta, inanguruma kama jiwe la kusagia, tunasubiri, kisha nasikiliza dakika zangu ishirini na mbili, naaga. Nilimwomba anitilie kwenye simu. Akasema lazima amuulize Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema mali ya ushirika haitoki ofisini bila idhini ya kamati, niandike barua. Rukia akaniandikia barua. Kikao kikaahirishwa. Kikaahirishwa tena. Mara ya tatu walikaa, wakazungumzia posho zao na ukarabati wa choo, barua yangu haikufikiwa.

Ilikwenda hivyo karibu miaka miwili. Masika yaliyopita sauti ikaanza kukatika katikati ya maneno. Alhamisi iliyofuata ikawa kama redio iliyopoteza stesheni. Alhamisi ya baada ya hapo kompyuta ikakataa kabisa kulifungua lile faili. Rukia alilia. Mimi sikulia, nilikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti nikamwambia ameniulia mke mara ya pili. Tangu hapo hatukuwa tunasalimiana vizuri.

Kwa hiyo aliponipa mpaka Ijumaa, nilipanda gari kesho yake asubuhi kwenda Lushoto mjini kumtafuta fundi. Wakanionyesha kibanda cha mwanamke mmoja anaitwa Imelda, mtu wa miaka thelathini na kitu, baba yake alikuja milima hii kutoka Songea kuchuma chai akazeekea hapa. Nilimweleza. Alinisikiliza huku ameshika simu ya mtu iliyofunguliwa tumbo. Nikamaliza, akaifunika ile simu na kitambaa.

"Nakuja kesho, mzee. Ila usiwashe. Waambie wote wasiwashe."

Jumatano alifika na begi mgongoni, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umefikaje?"

"Nimefika. Kutoka Soni tumesukuma gari mara mbili, lakini nimefika." Akamgeukia Rukia. "Na huyu mgonjwa ndiye yupi?"

Rukia akamwonyesha. Imelda alifungua ubavu wa kompyuta, akatoa vumbi la kujaza kofia na mayai mawili ya mjusi. Humo ndani akatuonyesha diski mbili, kila moja kama kitabu kidogo cha chuma, na kadi moja ya kijani ambayo diski zote mbili zimefungwa kwayo.

"Hii kadi ndiyo shida," alisema. "Aliyeunganisha hii mashine aligawa kila faili, kipande diski hii, kipande ile. Anayejua vipande vinapangwaje ni kadi. Nikichukua diski moja nikaipeleka kwangu, nitapata nusu za maneno. Lazima tusomee hapa hapa."

Akachomeka flashi yake ili kompyuta iamke kwa programu zake yeye, isiguse za zamani. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakaanza kushuka. Mimi kusoma maneno ni kazi, darasa la nne nililiachia njiani. Lakini namba nasoma upesi. Miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kusoma namba. Nikaona thelathini na tatu. Halafu yakashuka maandishi mengi ya makosa. Imelda akazima, akakaza nyaya, akawasha. Nikaona ishirini na sita. Makosa tena, mengi kuliko mwanzo. Akazima, akawasha. Thelathini na tatu. Akabadilisha waya, akawasha. Thelathini na nane.

"Mwanangu," nikasema, "mbona hiyo namba inacheza?"

"Namba gani?"

"Hiyo iliyopita. Kwanza thelathini na tatu, ikaja ishirini na sita, ikarudi, sasa thelathini na nane. Umebadilisha kitu?"

Akayarudisha maandishi juu, akainama karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mzee, wewe umeona hiyo?"

"Si imeandikwa?"

Akavuta kiti akaketi akinitazama mimi badala ya kompyuta. Akanieleza, na alieleza vizuri, hakuongea na mimi kama na mtoto. Alisema kati ya kadi na mwili wa kompyuta kuna njia ambayo data inapita, na njia hiyo ina mwendo wake, kama mapigo ya moyo. Programu inayoendesha diski wanaiita draiva. Draiva ikiamka, kitu cha kwanza inapima ule mwendo, ipate namba. Ikishapata, ndipo inapanga diski ipewe muda gani kupokea na kutoa. Mwendo wa kweli haubadiliki. Lakini draiva ikipima vibaya ikaona njia ni ya polepole kuliko ilivyo, inafupisha ule muda, inaikimbiza diski kuliko pumzi yake. Data inafika kabla ya diski kuwa tayari. Kinachoandikwa ni takataka.

"Ishirini na sita," nikasema.

"Ndiyo. Hiyo ndiyo mbaya. Thelathini na nane inachelewesha tu, haiharibu."

"Na inapima mara ngapi?"

"Inapoamka. Mara moja. Ikishapata namba inaishika mpaka izimwe."

Nilicheka. Rukia akaniangalia, maana ofisini humo hakuwahi kuniona nikicheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

Sasa nieleze hasira zangu. Mimi nilikuwa mpimaji wa majani mabichi ya chai kwenye kituo chetu cha kununulia. Mizani ile ni saa kubwa ya chuma inaning'inia kwenye boriti, chini ina ndoano. Mama anakuja na gunia kichwani kutoka bondeni, tunalitundika. Gunia likitundikwa linazunguka, linayumba, na mshale unakwenda na kurudi. Ukisoma hapo unasoma uongo. Mimi nilikuwa nasubiri litulie, nasoma. Nalinyanyua, nalitundika tena, nasoma. Mara ya tatu. Namba mbili zikikubaliana ndiyo naandika. Na asubuhi kabla ya gunia la kwanza, napima mizani tupu, mshale usimame kwenye sifuri, kisha natundika jiwe ambalo uzito wake tunaujua sote. Ikikataa jiwe, siku hiyo sianzi mpaka nimeirekebisha, hata lori lipige honi mpaka betri iishe.

Foleni ilikuwa ndefu, sikatai. Majani yalikuwa yanapata joto ndani ya magunia. Wakubwa wakakaa, Sharifu akiwa katibu wakati huo, wakasema Twaha anachelewesha. Wakaleta mwingine aliyesoma, anatundika, anatupa jicho moja, anaandika, lete jingine. Foleni ikaisha saa sita mchana na wote wakasifu. Kina mama waliokuwa wananung'unika kwangu ndio haohao walikuja baadaye kuniuliza mbona gunia lile lile kwangu lilikuwa kilo ishirini na nne, leo ishirini na moja. Nikawaambia kawaulizeni waliowaletea. Hayo yalitokea mwaka 2011, mwezi uleule wa watu wa redio. Ofisi hiyo sikutaka kuiona. Ndiyo maana sikwenda kumsikiliza mke wangu.

Nikamweleza Imelda hayo kwa kifupi. Halafu nikamwambia, "Kwanza zing'oe hizo diski."

"Nizing'oe?"

"Mizani haipimwi ikiwa na gunia la mtu. Itoe mizigo, iwashe tupu, tuone inasema nini. Mara nyingi. Diski zikae pembeni zisiumie."

Imelda akamtazama Rukia. "Mmekaa na mtu huyu ofisini miaka miwili mnampa kiti cha wageni?"

Alhamisi tulipima. Gulio sikwenda, mboga zilibaki shambani. Imelda anawasha, mimi nasoma namba, naiandika kwa penseli nyuma ya kalenda ya mwaka jana, anazima, tunasubiri kidogo, anawasha. Rukia analeta chai. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na viungo vyangu si vya kukaa kwenye kiti kigumu. Mara ishirini. Thelathini na tatu ilikuja mara kumi na nne. Ishirini na sita mara tatu. Thelathini na nane mara mbili. Ishirini na tisa mara moja.

Tulipofika ya kumi na saba Mwenyekiti aliingia, kanzu safi, anakwenda msibani.

"Bado mnapima tu?" akasema. "Mgosi, enzi zako foleni ilifika mtoni. Naona na kompyuta umeipangisha foleni."

"Na enzi zako imefika wapi, Mwenyekiti?"

"Imekwisha."

"Ndiyo. Watu waling'oa chai wakapanda viazi. Foleni itoke wapi?"

Rukia akainamia makaratasi. Sharifu alisimama, nikadhani atatufukuza. Badala yake akaitazama ile kalenda na namba zangu.

"Ile barua yako," akasema, "niliiweka kwenye ajenda. Akidi haikutimia."

"Mara tatu haikutimia?"

"Mara ya tatu ilitimia." Akarekebisha kofia. "Kesho mchana nafunga, nakabidhi vitu nje. Nisikute mashine mezani." Akaondoka. Hata kuomba radhi wakubwa huwa wanaanza, halafu wanaingiza ratiba.

Imelda alimaliza zile tatu zilizobaki, akachukua kalenda. "Ni thelathini na tatu. Hakuna ubishi. Nitaikataza draiva isipime, nitaipa namba mimi mwenyewe kwa mkono. Na nitaiambia isome tu, isiandike hata nukta."

"Lakini ilikuwa inakosea kwa nini?"

"Inahesabu mapigo kwa muda mfupi sana. Ikikatizwa katikati na shughuli nyingine, hesabu inapungua au inazidi. Aliyeiandika angepima mara kadhaa akalinganisha, tusingekuwa hapa. Labda kwake ilitoa namba sawa siku zote, akaridhika." Akakunja nyaya. Kisha akauliza, bila nia mbaya, "Hii kompyuta ilikuwa inawashwa kwa kazi gani? Maana ofisi naona wanatumia ile mpya."

"Kazi hakuna," Rukia akasema. "Tulikuwa tunamwashia baba tu. Alhamisi."

Imelda akaacha kukunja.

"Kwani kusikiliza kunaharibu?" nikauliza.

"Kusikiliza hakuharibu, mzee."

"Niambie."

"Kompyuta hata ukisikiliza tu, yenyewe huandika vitu vyake. Faili limefunguliwa saa ngapi, kumbukumbu za muda, vitu vidogo vidogo. Siku iliyopima sawa, inaandika sawa. Siku iliyopima vibaya..." Akarudi kukunja nyaya.

"Inaandika takataka. Juu ya nini?"

"Juu ya chochote, mzee."

Nilitazama kalenda. Tatu katika ishirini zilikuwa ishirini na sita, na ile ishirini na tisa nayo iko upande mbaya, kwa hiyo nne katika ishirini. Alhamisi zangu zilikuwa kama tisini. Ziweke kwenye mizani mwenyewe. Kila siku ya tano au hivyo niliyokuja kumsikia Sabra, niliondoka na kipande chake.

"Baba," Rukia akasema, "tungeruhusiwa kuchukua nakala siku ile ya kwanza, tungewasha mara moja tu."

Ni kweli. Na mimi naishika hiyo kweli mpaka leo, sitaiachia. Lakini usiku ule nililala nikijua kwamba aliyekuwa akisema "washa, Rukia" ni mimi.

Ijumaa Imelda alianza saa moja. Diski zikarudishwa, namba ikaandikwa kwa mkono, na maandishi ya makosa yakapungua mpaka yakawa moja moja. Akaanza kunakili faili kwenda kwenye flashi. Lilikuwa linakwenda kwa shida, linafika mahali linasimama, linajaribu tena, linaruka, linaendelea. Nilikaa pale nimeshika fimbo kwa mikono miwili. Adhana ikatoka msikitini na kazi haijaisha.

"Nenda mzee," Imelda akasema. "Wewe ukiwepo haliendi haraka zaidi."

Nikaenda. Hotuba siikumbuki hata neno. Sharifu alikuwa safu ya mbele yangu, nikaitazama shingo yake rakaa zote mbili, Mungu anisamehe.

Niliporudi ofisi ilikuwa imefungwa. Kompyuta iko uani juu ya mabati, ubavu wazi, na Imelda kaketi kwenye ngazi na laputopu yake magotini, Rukia pembeni yake. Nilizitazama nyuso zao nikatafuta jibu, zilikuwa nyuso za watu waliochoka tu.

"Limekuja," Imelda akasema. "Si lote, mzee. Sehemu kubwa ni kelele. Nimekata kelele, nimebakiza palipo na sauti. Dakika tatu na nusu."

Kati ya ishirini na mbili. Nikaketi. Akanivalisha zile za masikioni mwenyewe.

Ile "Bismillahi" ya mwanzo haikuwepo. Maharage hayakuwepo. Kwanza alikuwa akieleza mboji, tabaka la majani, tabaka la samadi, majivu kidogo, sauti yake ile ya kumfundisha mtu asiyesikia. Yule mtu wa redio akamuuliza anapima vipi, ndoo ngapi kwa ngapi. Na hapo Sabra akacheka. Sehemu hii niliisikia Alhamisi tisini na kila mara niliisubiri, na nilijua inakuja, na bado ilinikuta sijajiandaa.

"Mimi sipimi," akasema. "Mimi naangalia kwa macho. Wa kupima nyumbani kwetu ni mgosi wangu. Huyo hata chumvi ataipima mara tatu, chai ipoe, watoto walale. Wanamsema huko kituoni anachelewesha watu. Waache waseme. Gunia langu akilipima yeye, mimi nalala usingizi."

Halafu akamwambia mtu nje kwa Kishambaa afukuze mbuzi kwenye mahindi, kikapita kishindo, na basi.

Nikazivua zile za masikioni. Imelda alikuwa anaangalia milima ya upande wa Bumbuli, hakuniangalia, nikamshukuru kwa hilo.

"Nikuwekee wapi, mzee?"

"Simu yangu. Na ya Rukia. Na wewe baki nayo."

"Sawa."

"Uzikague zote tatu. Usikague moja."

Akazikagua zote tatu mbele yangu. Nilimpa kapu la plamu na maparachichi, na plamu nyingine zikamwagika, Rukia akaziokota. Kabla hajapanda gari alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Sikiliza, baba. Simu si kama ile. Ukisikiliza hata mara elfu, haipungui. Nakuhakikishia."

"Nimesikia, mwanangu. Nenda salama."

Jumamosi gari la vyuma chakavu lilikuja kweli. Vijana wakairusha kompyuta juu, ikaangukia bomba za dawa. Mwenyekiti akatia sahihi karatasi bila kuisoma. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, simu iko mfuko wa shati, nimeufunga kitufe.

Leo ni Alhamisi ya sita. Nikitoka gulioni napita ofisini kumsalimu Rukia, naketi kidogo kwenye kiti changu cha wageni. Ananiuliza, "Baba, leo tusikilize?" Najua alichosema yule fundi, na yule fundi ni mtu wa kweli. Lakini hata kina Sharifu, walipoileta ile kompyuta, walituambia haikosei. Namwambia wiki ijayo, nanyanyuka, narudi nyumbani taratibu.